Kufufua pikipiki ya zamani: anza na kadi, rangi baadaye
Msikilizaji wetu wa Tunduma, Vwawa au Mlowo, kama ndiyo mara yako ya kwanza kufufua pikipiki ya zamani, tunakushauri uanze na kadi. Kabla ya kulipa, hakikisha namba za injini na chesisi zinalingana na zilizoandikwa humo. Hapa mpakani, pikipiki isiyo na nyaraka inaweza kukamatwa hata ikipendeza.

Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, inamfaa anayeanza. Injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China, hivyo spea hazisumbui sana.

Toa petroli ya zamani, safisha tangi na kabureta, badili plagi na oili, kisha kagua breki. Rangi iwe ya mwisho. Ukiibadili, nenda TRA kadi irekebishwe.