Shinikizo la Kikomo la Gesi Halisi

Shinikizo la kikomo ni shinikizo dogo kabisa linalotosha kuigeuza gesi kuwa kimiminika ikiwa katika halijoto yake ya kikomo, yaani ile halijoto ambayo gesi ikiivuka haiwi tena kimiminika hata ikikandamizwa namna gani. Thomas Andrews wa Belfast aliliweka wazi jambo hili mwaka 1869 kwa dioksidi ya kaboni, ambayo hufikia kikomo kwenye nyuzi 31 za Selsiasi na paskali milioni 7.38, karibu mara 73 ya shinikizo la hewa kando ya bahari.

Njia ya kulikokotoa ilitokana na Mholanzi Johannes van der Waals, ambaye katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1873 aliirekebisha kanuni ya gesi timilifu kwa kuongeza viwango viwili: a, kinachopima jinsi molekuli zinavyovutana, na b, nafasi inayochukuliwa na molekuli zenyewe. Kwa mlinganyo wake, shinikizo la kikomo ni a iliyogawanywa kwa 27b². Kwa dioksidi ya kaboni a ni 0.364 na b ni 0.0000427, katika vizio vya paskali, mita na moli, na jibu ni karibu paskali milioni 7.4. Ulingano huo usimhadae msomaji, kwa kuwa a na b huchotwa katika vipimo vya kikomo hichohicho; mizani ya haki ni mjao, ambao mlinganyo unausema kuwa 3b, yaani sentimita za ujazo 128 kwa moli, ilhali uliopimwa ni 94 tu.

Gesi hii ndiyo iliyomo katika mitungi ya kuzimia moto wa umeme, na manufaa ya hesabu yake huonekana mahali kama Owino, soko kubwa la Kampala lenye vibanda vilivyosongamana na marobota ya mitumba, ambalo liliungua vibaya Februari 2009. Kampala nyuzi 31 si mbali: chini ya bati wakati wa jua kali huvukwa kwa urahisi, na hapo shinikizo mtungini hupanda kwa kasi kwa kila nyuzi inayoongezeka. Mtungi wa namna hiyo uwekwe kivulini, wala usijazwe kupita uzito ulioandikwa ubavuni mwake.