Sauti ya Kusimamisha: Usalama wa Silaha na Uongozi wa Chama cha Bunduki cha Marekani

Katika uwanja wa shabaha unaoendeshwa vizuri nchini Marekani ipo kanuni isiyojali cheo. Mtu yeyote akiona hatari, iwe ni mtoto aliyevuka mstari, mtutu uliogeukia watu, au silaha iliyokwama mikononi mwa asiyejua la kufanya, anaruhusiwa, tena anawajibika, kupaza sauti ili upigaji usimame. Huenda ni mgeni aliyeshika bastola kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, na jirani yake ni kanali mstaafu. Wote huacha kufyatua na kuweka silaha chini, ndipo huuliza kuna nini. Asiyetii hutolewa uwanjani. Nadai katika makala haya kwamba kanuni hiyo ndiyo kiini cha maadili ya kumiliki silaha. Nadai pia kwamba chama kikubwa kuliko vyote cha wamiliki wa bunduki Marekani, NRA, kiliporomoka kimaadili pale viongozi wake walipoiondoa katika ofisi zao huku walimu wake wakiendelea kuifundisha viwanjani.

Kanuni nne ambazo wapigaji shabaha wengi wa Marekani wanazijua kwa moyo zilipangwa na Jeff Cooper, afisa wa zamani wa jeshi la Marine aliyefungua shule ya upigaji bastola huko Arizona mwaka 1976. Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umekwisha kulenga. Ijue shabaha yako, na ujue kilicho nyuma yake. Anayezipitia haraka huona ni maonyo ya kawaida tu, lakini ya kwanza inahitaji kutafakariwa, kwa sababu kwa maana finyu si ya kweli: bunduki nyingi, kwa saa nyingi za siku, hazina kitu ndani. Cooper alilijua hilo. Alichokataa ni kumwachia mtu uhuru wa kuuamini ujuzi wake mwenyewe. "Nilidhani haina risasi" ni maneno ambayo hutamkwa mbele ya maiti ya ndugu au rafiki, na mara nyingi anayeyatamka ni mtu aliyeizoea silaha.

Tena kanuni hizo zimepangwa ili zikingane. Anayesahau moja huokolewa na nyingine. Ili mtu apigwe risasi kwa bahati mbaya, karibu kila mara lazima kanuni mbili ziwe zimevunjwa kwa pamoja. Kwa hiyo usalama wa silaha haukujengwa juu ya wema wa mtu. Umejengwa juu ya imani kwamba kila mtu, hata bingwa, siku moja atakosea, na kwamba lazima kiwepo kitu au mtu wa kumzuia. Imani hii inaweza kutumika kuwapima viongozi wa wamiliki wa silaha, na naona ndicho kipimo cha haki kuliko vyote, kwa kuwa ni chao wenyewe.

NRA ilizaliwa katika moyo wa mafunzo. Novemba 1871, mjini New York, William Church na George Wingate, maafisa waliokuwa upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, walianzisha chama hicho kwa kusikitishwa na ulengaji mbovu wa askari wao. Mwaka 1873 uwanja wa Creedmoor ulifunguliwa Long Island. Kwa karibu karne nzima kazi kuu ya chama ilikuwa mashindano, mafunzo na uwindaji. Mwaka 1949 kilishirikiana na jimbo la New York kuanzisha kozi ya usalama kwa wawindaji. Mwaka 1934 rais wake, Karl Frederick, aliwaambia wabunge kwamba haungi mkono watu kubeba silaha ovyo, na kwamba ubebaji unapaswa kubanwa kwa leseni. Rais Kennedy alipouawa mwaka 1963 kwa bunduki iliyonunuliwa kwa posta kupitia tangazo lililotoka katika jarida la chama chenyewe, kiongozi mtendaji wa wakati huo, Franklin Orth, aliunga mkono kuzuiwa kwa biashara ya aina hiyo. Tusikipambe mno kipindi hicho. Mwaka 1967 NRA iliunga mkono sheria ya California iliyopiga marufuku kubeba hadharani silaha zenye risasi, sheria iliyotungwa kwa sababu vijana Weusi wa Black Panther walikuwa wakiwafuatilia polisi mitaani wakiwa na bunduki mkononi. Hata hivyo, chama kilikuwa bado na uwezo wa kuyatazama madhara yanayotokana na kile kinachokipenda, na kusema: hapa tusimame.

Kisha ukaja usiku wa Mei 1977 huko Cincinnati. Viongozi walikuwa wamepanga kuhamisha makao makuu kutoka Washington hadi Colorado Springs na kuelekeza nguvu katika uwindaji na hifadhi ya mazingira. Wanachama walioongozwa na Harlon Carter na Neal Knox waliingia ukumbini na kofia za rangi ya machungwa na redio za mkononi, wakaitumia katiba ya chama kifungu kwa kifungu, na kufikia alfajiri uongozi wa zamani ulikuwa umeondolewa. Waandishi wengi huusimulia usiku huo kama chanzo cha ubaya wote uliofuata. Mimi sioni hivyo. Mtu anaweza kuipinga siasa ya Carter, kama ninavyoipinga mimi kwa sehemu kubwa, na bado akakiri kwamba wanachama wa kawaida walipaza sauti ya kusimamisha na ikasikika. Walijipatia hata haki ya kumchagua moja kwa moja makamu wa rais mtendaji, ambaye ndiye mwenye madaraka ya kweli katika chama hicho. Kosa lilikuja baadaye, taratibu, uteuzi huo uliporejeshwa mikononi mwa bodi. Na bodi yenyewe ikawa ya watu 76, idadi kubwa mno kwa kikao kinachotakiwa kumhoji mtu mmoja kwa makini.

Mtu huyo, tangu mwaka 1991, alikuwa Wayne LaPierre. Hakuwa bingwa wa shabaha; alikuwa mtu wa ushawishi wa kisiasa na wa kuchangisha fedha. Chini yake chama kiligundua kwamba hofu huleta michango haraka kuliko mafunzo. Mwaka 1995, barua ya kuchangisha iliyobeba sahihi yake iliwafananisha maafisa wa usalama wa serikali na majambazi wenye mabuti. Rais mstaafu George H. W. Bush aliurudisha uanachama wake wa kudumu kwa hasira. Programu za usalama hazikufutwa. Walimu waliothibitishwa na NRA waliendelea kufundisha maelfu kwa maelfu ya watu, na ule mpango wa kuwafundisha watoto wasiguse bunduki waliyoiona bali waondoke na kumwambia mtu mzima, ulioanzishwa mwaka 1988, uliendelea mashuleni. Nawaheshimu walimu hao, wengi wao wanaojitolea bila malipo. Lakini ajenda haikupangwa nao tena.

Yaliyofichuka kuanzia mwaka 2019 yanajulikana vya kutosha: suti za LaPierre za zaidi ya dola 270,000 kutoka duka moja la Beverly Hills, ndege za kukodi, safari za Bahamas. Magazeti yaliyapenda mambo ya suti. Ninaloliona zito zaidi ni jinsi kila kizuizi kilivyovunjwa kwa wakati mmoja. Kamati ya ukaguzi ilikuwa ikiidhinisha mikataba yenye mgongano wa maslahi baada ya fedha kwisha kutoka. Rais wa chama, Oliver North, alipotaka gharama za mawakili zichunguzwe na LaPierre ajiuzulu, yeye ndiye aliyeondoka, Aprili 2019. Na ni haki kukumbuka kwamba North naye alikuwa na mkataba mnono na kampuni ya matangazo iliyokuwa ikihudumia chama. Januari 2021 NRA ilikimbilia mahakama ya Dallas kuomba kinga ya ufilisi, na wajumbe wengi wa bodi hawakujulishwa kabla. Jaji Harlin Hale aliitupa kesi hiyo mwezi Mei, akisema haikufunguliwa kwa nia njema. Februari 2024, jopo la wazee wa mahakama mjini New York lilimwona LaPierre, aliyekuwa amejiuzulu wiki chache kabla, kuwa amekisababishia chama hasara ya dola milioni 5.4, na likaona kwamba chama kilivunja sheria ya kuwalinda wanaofichua maovu. Hilo la mwisho lilitajwa kwa ufupi katika habari nyingi, nami naliona kuwa kiini cha hukumu yote. Waliopaza sauti ndio waliotolewa uwanjani.

Wamiliki wengi wa bunduki hujibu kwamba aliyeshtaki, Mwanasheria Mkuu wa New York Letitia James, alikuwa na uadui wa wazi: katika kampeni yake ya mwaka 2018 alikiita chama hicho cha kigaidi. Pingamizi hili halipaswi kudharauliwa. Afisa wa serikali anapotumia madaraka yake kukiadhibu chama kwa sababu ya msimamo wake, uhuru wa kila chama uko hatarini, na Mei 2024 Mahakama Kuu ya Marekani, bila jaji hata mmoja kupinga, iliiruhusu NRA kuendelea na kesi dhidi ya afisa mwingine wa New York kwa shutuma kama hiyo. Lakini ushahidi wa mwaka 2024 haukutungwa na James. Ulitoka kwa watu wa ndani: wajumbe wa bodi, wafanyakazi, wahasibu, watu waliouamini utetezi wa bunduki maisha yao yote. Phillip Journey, jaji wa Kansas na mjumbe wa bodi, ndiye aliyesimama Dallas kuuliza kwa nini bodi ilifichwa. Adui akikuonyesha kwamba mtutu wako umeelekea kwa watoto, uadui wake haubadilishi mtutu ulikoelekea.

Kuna sababu nyingine inayoufanya uongozi huu uwe jambo la uhai wa watu, mbali na hesabu za fedha. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama Kuu ilitamka kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanalinda haki ya mtu binafsi kuwa na silaha nyumbani, na ikabatilisha pia sharti la jiji la Washington kwamba bunduki za nyumbani zifungwe au zitenganishwe vipande. Kesi hiyo ililetwa na mawakili huru, na NRA mwanzoni iliihofia, lakini ushindi waliupokea wote. Sheria inaporudi nyuma namna hiyo, mzigo wa kuhifadhi silaha salama huangukia dhamiri ya mwenye nyumba. Chama kinachodai kwamba serikali isiamuru kabati la chuma kinajitwika deni la kuwashawishi watu walinunue kabati hilo kwa hiari yao.

Deni hilo ni kubwa. Mwaka 2021 watu wapatao 48,800 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua. Hatari ya namna hii haimkuti mwizi wala gaidi aliyejaa katika barua za kuchangisha. Inamkuta mkulima mzee wa Montana, askari aliyerudi kutoka vitani, kijana wa miaka 17 aliyeachwa na mpenzi. Wengi wanaookolewa katika saa hizo hawafi baadaye kwa kujiua, na ndiyo maana umbali kati ya mtu na silaha kwa usiku mmoja unaweza kuwa maisha mazima.

Walioiona hoja hii mapema walikuwa nyuma ya kaunta. Mwaka 2009, New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja ndani ya siku chache na kila mmoja akajiua muda mfupi baadaye. Mwenye duka angeweza kusema sheria zote zilifuatwa, na angekuwa sahihi. Badala yake alikaa na wataalamu wa afya ya jamii, na pamoja na wenye maduka wengine wakatengeneza mabango na maelezo ya namna ya kumtambua mteja aliye katika dhiki, kumkatalia kuuza bila kumdhalilisha, na kuwahimiza ndugu wamhifadhie silaha mpendwa wao mpaka apate nafuu. Mpango huo uliigwa katika majimbo mengi. Huko Utah, watetezi wa haki za bunduki walisaidia kuliingiza somo la kuzuia kujiua katika kozi za leseni ya kubeba silaha kwa siri. Hakuna haki iliyopotea. Nani alimsikia kiongozi mkuu wa NRA akiyafanya haya kuwa hotuba yake ya mwaka?

Ukimya mwingine ulikuwa mzito zaidi. Julai 2016, Minnesota, Philando Castile, Mmarekani Mweusi mwenye leseni, alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha, kama anavyofundishwa kila mwenye leseni, naye akapigwa risasi akiwa ndani ya gari na kufa. Chama kilichojiita mtetezi wa kila mmiliki mwema kilitoa taarifa isiyomtaja hata jina. Miaka iliyofuata wamiliki wengi Weusi walijiunga na chama chao wenyewe, kilichoanzishwa Atlanta mwaka 2015.

Msomaji wa Nairobi hayuko mbali sana na mjadala huu. Kenya, kumiliki silaha ni ruhusa inayotolewa kwa leseni, si haki ya kikatiba, na tofauti hiyo ni ya msingi. Lakini raia wenye leseni waliingia Westgate, jengo la maduka lililoshambuliwa na magaidi Septemba 2013, kuwaokoa watu, na tangu hapo sifa yao na lawama zao zinajadiliwa pamoja. Wakijipanga katika vyama, watakutana na swali lile lile la nani anawahoji viongozi wao.

Mwaka 2024 wanachama wa NRA waliwachagua wapinzani wanne kwenye bodi, Journey akiwa mmoja wao, pamoja na Jeff Knox, mwana wa yule Neal wa Cincinnati. Julai, Jaji Joel Cohen, aliyesikiliza kesi ya New York, alimzuia LaPierre kushika nafasi ya kulipwa katika chama kwa miaka kumi, lakini akakataa kukiwekea msimamizi wa nje. Naona aliamua sawasawa, kwa kuwa msimamizi wa mahakama angewapa wanachama sababu ya kulala tena. Ningependa wakidai kile walichokipata mwaka 1977 na kukiacha kiponyoke: kura yao wenyewe juu ya mtendaji mkuu. Ningependa pia wadai bodi ndogo inayoweza kukumbuka ilichoidhinisha, na mwalimu wa usalama mwenye kauli sawa na mwanasiasa kila bajeti inapopangwa.