Bella na Safari za Budapest

Sävedalen iko Partille, nje kidogo ya jiji la Gothenburg, magharibi mwa Uswidi. Huko ndiko alikozaliwa Isabelle Gulldén mwaka 1989, na klabu ya Sävehof ya hapohapo ndiyo iliyomlea. Partille ni mji wa mpira wa mikono hasa: mashindano ya vijana ya Partille Cup, yaliyoanza 1970, ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani katika mchezo huo. Mtoto wa kule haulizwi sana kwa nini amechagua mpira wa mikono.

Bella, kama wengi wanavyomwita, alicheza katikati, nafasi ya mchezeshaji. Sheria humpa mwenye mpira hatua tatu na sekunde tatu tu, kisha lazima audunde, autoe au apige. Kwa hiyo mchezeshaji mzuri huwa ameshaamua kabla mpira haujamfikia. Gulldén aliweza kupiga kutoka mbali, na aliweza kupenya kati ya mabeki wawili. Walipomfuata wote, mpira ulikuwa umeshafika kwa mwenzake aliyesimama mstarini, mgongo kwa kipa.

Mwaka 2010 alikuwa katika kikosi cha Uswidi kilichofika fainali ya Ubingwa wa Ulaya na kufungwa na Norwei 25–20. Mwaka uliofuata alihamia Viborg ya Denmaki, na huko akatwaa ubingwa wa nchi pamoja na Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 2014. Desemba ya mwaka huohuo, katika Ubingwa wa Ulaya uliofanyika Hungaria na Kroatia, alifunga mabao 58, mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Uswidi ilipata shaba kwa kuifunga Montenegro, mjini Budapest.

Mji huo angeuzoea. Fainali za Ligi ya Mabingwa ya wanawake zilikuwa zikichezwa Budapest, na Győr, klabu kubwa ya Hungaria, ilikuwa kama iko nyumbani.

Mwaka 2015 Gulldén alikwenda CSM București ya Romania, klabu yenye fedha lakini isiyowahi kushiriki Ligi ya Mabingwa. Msimu wake wa kwanza tu, Mei 2016, ikafika fainali. Wapinzani? Győr, mbele ya mashabiki wao. Dakika 60 zikaisha sare. Za nyongeza nazo zikaisha 25–25. Ikabaki mikwaju ya mita saba, ambayo kipa hana mengi ya kufanya zaidi ya kutanua mikono na miguu. CSM ikashinda 29–26, na Gulldén akatajwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku kubwa kuliko zote katika maisha yake ya uchezaji, maana timu ile haikuwa na historia ya kuegemea. Misimu miwili iliyofuata CSM ilirudi Budapest na kumaliza ya tatu mara zote mbili.

Baada ya hapo akaenda Brest, Ufaransa. Mwaka 2021 Brest ilikutana na Győr katika nusu fainali, Budapest tena. Győr ilikuwa haijafungwa katika Ligi ya Mabingwa kwa zaidi ya miaka mitatu, na mechi ikaamuliwa kwa mikwaju ya mita saba. Brest ikapita. Kesho yake Vipers ya Kristiansand, Norwei, ikawachapa 34–28 kwenye fainali.

Kiangazi hicho Gulldén alijiunga na Vipers haohao. Asiyeweza kuwashinda alicheza nao, na hakuna aliyeweza kumlaumu: Juni 2022 Vipers waliifunga Győr 33–31 na akapata taji lake la pili la Ligi ya Mabingwa, miaka sita baada ya lile la kwanza. Kisha akarudi Uswidi kuchezea Lugi ya mjini Lund.

Timu ya taifa haikumlipa kiasi hicho. Katika Olimpiki ya London 2012 Uswidi haikuvuka makundi. Rio 2016 ilitolewa na Norwei katika robo fainali. Mwaka 2017, katika Ubingwa wa Dunia nchini Ujerumani, ilifika nusu fainali ikamaliza ya nne. Medali alizopata akiwa na jezi ya njano zilibaki mbili, ile fedha ya 2010 na shaba ya Budapest.