Somo la Historia: Mzee Anayesahau na Mjukuu Wake

Walioko darasani, sogeeni karibu na redio. Leo tutazungumza juu ya mzee mwenye ugonjwa wa kusahau na mtoto mdogo wa nyumbani kwake.

Zamani Wanyakyusa, toka ufuko wa Ziwa Nyasa hadi milima ya Rungwe, walikaa kwa marika. Mvulana akipata miaka 10 au 11 alitoka kwa baba yake, akajenga kibanda pamoja na wenzake, na huo ukawa mwanzo wa kijiji chao. Chakula walikula kwa mama zao, tena kwa kundi. Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa huku kati ya 1934 na 1938, waliyachunguza mambo hayo, na kitabu cha Bibi huyo kikatoka mwaka 1951. Aidha, mwanamke alikatazwa kuonana na baba mkwe wake. Akimkuta njiani, hujificha. Lakini mwiko huo haukumfunga mtoto wake. Basi fikirini: mzee ameanza kupotewa, mwanawe yuko kijiji kingine, mkwe anamkwepa. Mjukuu aliweza kwenda kuketi naye.

Vijiji vile vimekwisha. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya masomo katika shule zote za msingi za serikali, na leo watoto wengi wa Kyela mjini huanza kusema kwa Kiswahili. Hapo ndipo penye shida. Ugonjwa huu hula kwanza mambo ya karibuni. Bibi husahau kwamba amekula sasa hivi, lakini wimbo wa utotoni anao. Kiswahili alichojifunza ukubwani huweza kumtoka, akabaki na Kinyakyusa chake. Mjukuu hamwelewi, humwogopa, na majirani huanza kunong'ona habari za uchawi.

Si uchawi. Ni ugonjwa wa ubongo. Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliueleza mwaka 1906. Hapa nchini, uchunguzi wa wilaya ya Hai uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 walikuwa nao.

Kwa maoni yangu, mtoto wa miaka minne humfaa mgonjwa kuliko sisi watu wazima. Sisi twamsumbua: "Mama, wanikumbuka?" Mtoto haulizi hivyo. Hadithi moja ikirudiwa mara kumi, yeye hucheka mara kumi. Mfundisheni tu asimsahihishe. Bibi akimwita kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, aitike. Asubuhi amsalimu, "Ugonile." Kisha wapewe ungo mmoja wachambue mchele pamoja, maana mikono hukumbuka kazi hata ulimi ukishindwa.

Kazi ya juma hili: mwulizeni mzee mmoja maneno matano ya Kinyakyusa juu ya mpunga au samaki. Yaandikeni kwa herufi kubwa, kisha msomeeni mtoto. Neno la kwanza nawapa mimi: ndaga.