Chatu wa pori: namna ya kumujua, na nyoka anayefanana naye

Kandokando ya maji ya Karavia, na kwenye mashamba yanayozunguka muji wa Lubumbashi, karibu kila nyoka mukubwa anaitwa "boa". Jina hilo tulilipata kwa Kifaransa, lakini boa wale wakubwa ni wa Amerika ya Kusini. Wa kwetu ni chatu. Wanaosema Kibemba wanamuita lusato, Waluba wanamuita moma. Jina si shida sana. Shida ni kumujua kwa macho, juu kuko nyoka mwingine mwenye sumu kali ambaye watu wengi wanamuzania ni mutoto wa chatu.

Afrika iko na aina ine za chatu. Ule anayeishi huku Katanga ni chatu wa kusini, Python natalensis, ambaye anapatikana pia Zambia na Tanzania mpaka Afrika ya Kusini. Zamani wataalamu walimuhesabu pamoja na chatu wa Afrika ya kati, Python sebae, ule wa pande za Tshopo na Ituri. Ni mwaka wa 1999 ndipo Donald Broadley, mtaalamu wa nyoka aliyefanya kazi Zimbabwe, alionyesha kama hawa ni aina mbili.

Wanafanana kweli: rangi ya udongo ao majani makavu, na madoa makubwa ya kahawia yanayoungana-ungana kwenye mugongo. Tumbo ni jeupe-jeupe lenye vidoa. Juu ya kichwa kuko alama nyeusi-nyeusi sawa ncha ya mukuki, imezungushwa na musitari mweupe kila upande. Utofauti uko kichwani. Chatu wa kati ana magamba makubwa mbele ya kichwa, na doa pana jeusi kando ya jicho. Wa kusini magamba yake ya kichwa ni madogo-madogo, doa la kando ni jembamba, na rangi yake yote imefifia kidogo. Tena wa kati ndiye murefu zaidi, anaweza kupita metre 5. Wa kwetu kwa kawaida ni metre 3 ao 4, na jike anapita dume.

Aina ya tatu, chatu mudogo Python regius, anaishi tangu Senegal mpaka Uganda. Hapiti sana metre moja na nusu, na akiogopa anajikunja sawa mupira, kichwa ndani. Huku Lubumbashi hayuko. Wa ine anaishi Angola na Namibia.

Ukitazama kando ya tundu la haja ya chatu, karibu na mukia, utaona kucha mbili ndogo. Ni mabaki ya miguu ya nyuma ya mababu zake. Kwenye midomo kuko matundu madogo yanayosikia joto la mwili. Ndiyo sababu anakamata panya usiku bila kumuona. Sumu hana. Anauma ili kushika, kisha anajizungusha na kukaza mpaka damu ya mnyama inaacha kutembea.

Anapenda kukaa karibu na maji, mule kuko matete, na anaingia ndani ya mashimo ya wanyama wengine. Wanaochimba udongo wa matofali kwenye bichuguu, na wanaochoma majani wakati wa kiangazi, wachunge sana mashimo hayo. Jike anataga mayai 30 na zaidi, anayazungukia na hakuli kitu mpaka yanapasuka. Graham Alexander, profesa wa Afrika ya Kusini, alitoa mwaka wa 2018 uchunguzi wa myaka saba: wakati huo jike anageuka mweusi, anatoka kuota jua, kisha anarudi kuyapatia mayai joto la mwili wake. Hata yakisha kupasuka, anabaki na watoto karibu juma mbili. Kwa nyoka anayetaga mayai, jambo hilo halijulikani sana.

Watoto hao wanatoka na urefu wa karibu nusu metre. Na hapo ndipo hatari inaanza, sababu urefu huo ni karibu na wa kifutu, ule ambaye wengi wanaita vipere. Kifutu ni mufupi na munene, mukia umekatika gafula, ngozi yake inakwaruza na haingari. Kwenye mugongo ana alama za V, moja nyuma ya ingine, ncha zikiangalia mukia. Chatu mutoto ni mwembamba, anateleza na kungara, na madoa yake hayafatane hivyo. Kifutu hakimbie, analala kimya njiani mpaka mutu anamukanyaga. Kama huna hakika, hesabu kama ni kifutu. Kumushika "juu ni boa mudogo" kumeleta watu hospitali.

Akikuuma kifutu, usikate kidonda, usifunge mukono na kamba, wala usipoteze saa na jiwe nyeusi: haivute sumu. Vua pete na saa, usitembeze kiungo kile, na ukimbizwe hospitali mara moja. Akikuuma chatu, osha na maji na sabuni, kisha uende kituo cha afya kwa sindano ya tetanosi, juu meno yake yamepinda na yanapasua nyama.

Chatu mukubwa anaweza kubeba kuku, bata, hata mbuzi mudogo. Kumushambulia mutu ni jambo la nadra, lakini mutoto asiachwe peke yake pale ameonekana. Banda lifungwe usiku, mbwa waondolewe, nyoka aachiwe njia ya kurudi majini. Panya wa shamba anakula wengi kuliko kuku.

Kongo iko ndani ya mapatano ya CITES tangu 1976, na chatu wote wa Afrika wamo katika Nyongeza ya II. Kuvuka Kasumbalesa na ngozi yake bila karatasi ya ruhusa ni kosa, hata kama uliinunua sokoni mbele ya watu wote.