Redio Ilisema kwa Sauti: Vifaa, Watoto na Wazazi wa Magwagwa

Kila nikienda nyumbani Magwagwa, huku Nyamira, watu huniletea simu zao. Moja imejaa picha, nyingine imesahau nywila, nyingine inakula bando bila mwenyewe kujua. Wanajua kazi yangu ni kuandika programu, basi kwao mimi ni fundi wa kila kitu chenye kioo. Nikishamaliza kutengeneza, hufuata swali lile lile: tufanye nini na hawa watoto na simu?

Wengi hutaka niwatajie programu ya kuweka. Programu zipo na nitazitaja, lakini leo nataka kwanza tuangalie tulikotoka. Wazazi wetu na babu zetu walilea watoto katikati ya vifaa vipya pia: redio, runinga, simu ya kwanza. Wao walifanyaje? Jibu langu linaweza kuwashangaza wanaosifu ukali wa wazee: kwa sehemu kubwa hawakufanya lolote. Kifaa chenyewe kiliwafanyia kazi.

Tuanze na redio. Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928, lakini ulikuwa wa Nairobi na wa walowezi. Huku milimani redio ilienea baadaye sana, ile ndogo ya transista, kuanzia miaka ya 1960, na ilisaidiwa na majani chai. Shirika la KTDA liliundwa mwaka 1964, na mkulima mdogo akapata pesa za kila mwezi na malipo ya mwisho wa mwaka tunayoyaita bonasi. Bonasi ndiyo iliyonunua mabati, baiskeli na redio.

Redio ilikula mawe. Kiwanda cha Eveready kilifunguliwa Nakuru mwaka 1967, na hadi kilipofungwa mwaka 2014 mawe yake yalikuwa katika kila duka la kijijini. Hata hivyo hayakuwa ya kuchezea. Yakichoka yalianikwa juani ili yapate nguvu kidogo ya kumalizia wiki. Kwa hiyo redio iliwashwa kwa sababu maalumu: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, salamu, mpira. Ikiisha taarifa, inazimwa. Hakuna mzazi aliyehitaji kutunga sheria ya saa ngapi kwa siku. Mawe yalikuwa yameshaitunga.

Tena redio ilikuwa moja, ilikaa mahali pamoja, na ilisema kwa sauti. Hili la tatu naomba ulishike, kwa maana ndilo kiini cha yote nitakayosema. Alichosikia mtoto, baba alikisikia, mama alikisikia jikoni, na jirani apitaye njiani alikisikia pia. Kuanzia mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliendesha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" Aliuliza juu ya tabia za watu: je, ni ungwana kufanya hivi au vile? Kipindi kikiisha mjadala ulibaki sebuleni. Mtoto alisikia swali kutoka redioni na majibu kutoka kwa watu wake.

Kwa sisi Abagusii sauti hiyo ilikuwa na uzito wa ziada kwa sababu ya chinsoni. Kwa msomaji asiyetoka kwetu: chinsoni ni heshima na haya inayotenganisha kizazi cha mzazi na kizazi cha mtoto. Baba na mwanawe hawazungumzi mambo ya mwili wala mapenzi, na hata kuyasikia pamoja ni aibu. Wimbo wa mapenzi ukizidi redioni, mmoja atatoka nje kana kwamba amekumbuka ng'ombe, au mkono utageuza stesheni. Chujio lilikuwa lile la kukaa pamoja.

Lakini mila haikumwacha mtoto gizani. Mambo ambayo mzazi hawezi kuyasema yalikuwa na wasemaji wake. Babu na nyanya wanataniana na wajukuu bila haya, na ndio waliofundisha. Vijana wa kiume walikuwa na nyumba yao, esaiga, na wasichana walilala kwa magokoro, yaani nyanya. Kwa lugha ya kazi yangu ningesema mfumo ulikuwa na milango miwili: mmoja umefungwa, mwingine uko wazi, na kila mtoto aliujua ulio wazi.

Nisiwapake sukari wazee. Redio ilikuwa ya baba, na mara nyingi msichana aliisikiliza kwa mbali akiosha vyombo. Haya ile ile iliyochuja nyimbo ilimnyamazisha pia mtoto aliyetendewa ubaya, kwa maana hakujua aanzie wapi kumwambia baba. Nasema tu kwamba mfumo ulikuwepo na ulikuwa na sehemu zinazoshikana.

Runinga haikuvunja mfumo huu, ingawa wengi waliihofia. Ilianza Nairobi mwaka 1962, na kwetu ilifika ikiwa imechelewa miaka mingi, kwa kuwa hapakuwa na stima. Aliyeipata alikuwa na Great Wall ya rangi nyeusi na nyeupe na betri ya gari. Betri ilibebwa kwa baiskeli au mkokoteni hadi sokoni kuchajiwa. Ukitaka kuona mpira Jumapili, Jumamosi huigusi. Majirani walijaa sebuleni kuangalia Vitimbi na Vioja Mahakamani, wazee wakiwa vitini na watoto chini. Tena kulikuwa na kikomo cha nguvu, na tena kila mtu aliona anachokiona mwenzake.

Ufa wa kwanza naona ulitokea sokoni, katika vibanda vya video. Pale mtoto aliweza kulipa sarafu na kuangalia filamu ambayo hakuna mtu wa nyumbani kwao anayeiona. Hata hivyo kibanda kilikuwa na mlango na mwenyewe, na mama akiambiwa "mwanao yuko video" alijua pa kumfuata.

Kisha mambo yakaenda mbio. Mwaka 2015 mradi wa serikali wa kusambaza stima ulishusha gharama ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mwaka huo huo matangazo ya runinga yalihamia dijitali. Serikali nayo ikajaribu kuweka kikomo cha saa: tangu Julai 2016, kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka vipindi visivyofaa watoto visirushwe kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Ni kanuni nzuri, lakini ilifika wakati watoto walikuwa wanaanza kuhama kwenye runinga. Simu haina saa nne usiku.

Turudi nyuma kidogo tuione simu ilivyoingia. Safaricom na KenCell zilianza biashara mwaka 2000. Mwanzoni kijijini ilikuwa simu ya jamii, unalipa kwa dakika, mwenye kibanda anakusikia. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na simu ikawa lazima katika kila boma. Hapo likatokea jambo ambalo sioni likitajwa sana. Nyanya asiyejua kusoma alimwita mjukuu amsomee ujumbe wa pesa, na wengine wakamtajia hata namba ya siri. Kwa mara ya kwanza mtoto alikuwa mjuzi na mzee ndiye mwanafunzi. Redio haikuwahi kupindua ngazi namna hiyo.

Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitia nanga Mombasa. Mwaka 2011 Safaricom ikauza simu ya Huawei IDEOS kwa bei iliyo chini ya shilingi elfu kumi, na bonasi ya Oktoba ikapata kitu kipya cha kununua. Bado ilikuwa simu ya mkubwa. "Simu si ya mtoto" ilikuwa sheria rahisi na kila mtu aliielewa.

Sheria hiyo ilivunjika Machi 2020. Shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Madarasa matatu tu ndiyo yaliyorudi tarehe 12 Oktoba, na wengine wote wakasubiri hadi Januari 2021. Taasisi ya mitaala, KICD, ilipeleka masomo redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Ukumbuke sensa ya mwaka 2019: kaya zenye redio zilikuwa asilimia 56.9, zenye runinga asilimia 40.7, na watu wa miaka mitatu na zaidi waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu. Walimu wengi walituma kazi kwa WhatsApp, na mzazi yule yule aliyekuwa akisema simu si ya mtoto akaikabidhi kwa mkono wake: chukua, usome. Hakuna aliyekosea hapo, kwa kuwa kazi ya shule ilikuwa ndani ya kile kioo. Lakini shule zilipofunguliwa, simu haikurudi ilikotoka. Na ilikuwa imeshapata spika za masikioni.

Naam, spika za masikioni. Watu hulalamikia TikTok, michezo na picha chafu, na wana haki. Mimi nikiitazama historia hii naona badiliko kubwa kuliko yote ni kwamba kifaa kimeacha kusema kwa sauti. Mtoto anaweza kukaa kiti kimoja na baba yake, magoti yakigusana, akiwa kwenye kibanda cha video ambacho hakuna jirani atakayekitaja.

Je, programu zitasaidia? Google walitoa Family Link mwaka 2017, Apple wakaweka Screen Time mwaka 2018. Zinapanga muda, zinazuia programu, zinaonyesha mtoto alikoshinda. Ni kazi nzuri. Lakini zimeandikwa zikidhani kila mtoto ana simu yake na akaunti yake. Huku kwetu simu ni ya mama. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama, na akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani siku iliponunuliwa. Mtoto wa miaka kumi akiishika, mitambo inaamini inamhudumia mwanamke wa miaka thelathini na nane. Vichujio vya umri havina habari. Na simu hiyo hiyo ndiyo yenye pesa za nyumba, hatua chache tu kutoka kwenye michezo ya kamari. Kamari imekatazwa kwa walio chini ya miaka 18, na Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yake kwa siku thelathini, lakini mitambo ikiona akaunti ni ya mama, inamwona mama.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inagusa pia ubaya unaotendwa mtandaoni. Lakini hazitaingia sebuleni kwako saa tatu usiku.

Sasa basi, kama kifaa kimeacha kutuwekea mipaka, lazima tuiweke wenyewe, na historia inatuonyesha mipaka gani. Mimi napendekeza minne.

Kwanza, rudisha sauti. Simu ya nyumbani isikilizwe bila spika za masikioni, sebuleni au jikoni. Hili halina gharama na linafanya kazi kuliko programu yoyote niliyowahi kuisakinisha.

Pili, rudisha betri. Simu zote, na ya baba ikiwemo, zichajiwe usiku mahali pamoja kwenye chumba cha wazazi. Kwa wadogo kabisa, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja ya kioo kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Tatu, tenganisha. Simu nyingi za Android huruhusu kumfungulia mtoto nafasi yake kama mtumiaji wa pili. Isiporuhusu, tumia kile kipengele cha kubandika programu moja kwenye skrini, ili asitoke kwenye somo akaingia kwingine. Namba ya siri ya M-Pesa asiijue mjukuu. Mtu mzima mmoja anayeaminika amsaidie nyanya.

Nne, na hili ndilo gumu, fungua tena ule mlango wa pili. Mzazi wa Kigusii hawezi kuamka leo akamuuliza binti yake ameona nini kwenye simu. Chinsoni itamfunga ulimi, na binti atajibu "hakuna". Simlaumu. Lakini esaiga haipo tena, na magokoro yuko nyumba nyingine, pengine kaunti nyingine. Mtoto anayeombwa picha za mwili wake na mtu asiyemjua mtandaoni anahitaji mtu mmoja wa ukoo anayeweza kumwambia bila haya. Mchagueni mapema: shangazi, mjomba, nyanya, binamu mkubwa. Mwambieni mtoto wazi, lolote likikupata kwenye simu, mwambie fulani, na hutapigwa. Halafu huyo fulani afundishwe simu inavyofanya kazi, kwa sababu anayefundisha mambo ya leo hawezi kuogopa kioo.

Kama kwenu mmeshamchagua mtu huyo, niandikieni mlivyofanya. Nitafurahi kujifunza, na wazazi wengine wanaosoma hapa watafaidi.