ATM na mashine za kadi: mteja asiyeona hulipaje?

Mteja asiyeona hutumia ATM au mashine ya kadi dukani kwa kupapasa. Kwenye vitufe vya kawaida, namba 5 huwa na kinundu, na kutoka hapo vidole huzipata namba nyingine. Kitufe cha kijani cha kukubali mara nyingi huwa na alama ya duara, na chekundu cha kusitisha huwa na alama ya X.

Lakini kiasi na salio huonekana kwenye skrini tu, ndiyo maana zikaundwa ATM zinazosema kupitia visikilizio vya masikioni. Marekani ilipata ya kwanza mwaka 1999, mjini San Francisco, na tangu 2012 kanuni za huko zinadai sauti. Umoja wa Ulaya unadai mashine mpya zitumike na wasioona tangu Juni 28, 2025.

Mashine za kioo kitupu zisizo na sauti zimerudisha tatizo: mteja humtajia mtu mwingine namba yake ya siri, na fedha zikipotea muuzaji hushukiwa. Mfanyabiashara anayenunua mashine achague yenye vitufe, ataje kiasi kwa sauti kabla ya mteja kubonyeza, na atoe risiti. Namba ya siri asiipokee kamwe.